Mhariri, liondoeni neno "kisa" katika habari za vijana waliojiua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya neno moja fupi la Kiswahili, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likipamba vichwa vya habari vya magazeti yetu kila kijana anapojiua. Neno hilo ni "kisa". Ajiua kisa mapenzi. Ajiua kisa kufeli. Ajiua kisa deni, kisa simu, kisa kugombezwa na baba. Nimefundisha sekondari kwa miaka 31, na katika miaka 14 ya mwisho nilikuwa pia mwalimu wa ushauri nasaha hapa Mwanza. Sasa nimestaafu, naishi Ilemela, nasoma magazeti kwa utulivu kuliko zamani, na kila ninapoliona neno hilo hujiuliza kama aliyeliandika aliwahi kuketi na kijana wa namna hiyo hata kwa nusu saa.

Yuko kijana mmoja aliyenifanya nishike kalamu. Sitamtaja jina, wala shule, wala mtaa, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha kidogo ili hata jirani asimtambue. Nilimfundisha mpaka akamaliza kidato cha nne. Matokeo yake hayakuwa mazuri, akaingia kwenye bodaboda akiwa na pikipiki ya mkataba, ile ambayo kijana hupeleka hesabu kila siku kwa mwenye chombo mpaka mkataba uishe ndipo pikipiki iwe mali yake. Alijiua akiwa na miaka 20. Sitaeleza alivyofanya, na sababu ya kutoeleza nitaisema mbele. Siku ya pili baada ya maziko, mama yake, ambaye huuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, alipanda daladala alfajiri kwa kuwa mtaji wa dagaa hausubiri matanga, na humo ndani redio ilikuwa katika kipindi cha kusoma magazeti. Mtangazaji akasoma, kwa ile sauti ya uchangamfu ya asubuhi, kwamba dereva wa bodaboda Mwanza amejiua kisa mapenzi. Mwenzake akacheka kidogo, akasema mapenzi yanaua. Abiria nao wakachangia. Mama alishuka kituo kilichofuata, kabla ya kufika alikokuwa akienda, akatembea.

Ninyi wahariri mnajua kuliko mimi kwamba kichwa cha habari hufika mbali kuliko habari yenyewe. Hapa mjini wengi hawanunui gazeti. Husimama mbele ya meza ya muuzaji, wakasoma kurasa za mbele zilizotandazwa, wakaenda zao. Wengine husomewa redioni. Siku hizi ukurasa huo hupigwa picha na kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya wazazi wa darasa na ya kijiweni. Aya ya saba, mahali ambapo kamanda wa polisi amesema uchunguzi unaendelea, haifiki huko. Kinachofika ni "kisa mapenzi", na kijana mwingine wa miaka 17, ambaye wiki hiyohiyo ameachwa na mpenzi wake, huipokea kana kwamba ni desturi iliyokwisha kupangwa, kwamba aliyeachwa hufanya hivi.

Ukweli wa kijana wangu niliuokota kipande kwa kipande, kwa miezi, kutoka kwa mama yake, kwa wenzake wa kijiweni na kwa mdogo wake. Baba yake alikuwa mvuvi, akafia ziwani mtoto akiwa kidato cha pili, na tangu siku hiyo kijana ndiye aliyeambiwa kwamba sasa yeye ni baba wa nyumba. Baada ya kuanza kazi alipata ajali ndogo, pikipiki ikalala gereji wiki tatu na hesabu ikaendelea kudaiwa, akakopa kwa wale wakopeshaji wa mtaani wenye riba kubwa tunaowaita kausha damu, kisha akakopa kupitia simu ili alipe kausha damu, na mkopo wa simu ulipochelewa wadai wakaanza kuwatumia ujumbe watu waliomo katika orodha yake ya simu wakimwita tapeli. (Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2024 la kuzipiga marufuku programu za mikopo zisizo na leseni. Lilikuwa jambo jema, ingawa kwa wengine lilikuja wamekwisha kuaibishwa.) Mwenye pikipiki akaichukua. Kijana akawa halali usiku. Akaacha mpira, yeye ambaye hakukosa zoezi la jioni hata siku moja. Mdogo wake akaniambia pia jambo ambalo familia ilikuwa imelificha, kwamba mwaka mmoja kabla yake kaka yake alikuwa amejaribu na akaokolewa. Mwishoni mwa yote hayo, mwezi mmoja kabla, ndipo msichana wake alipomwambia kwamba hawezi kuendelea.

Hicho cha mwisho ndicho gazeti lilichokiita kisa. Na msichana yule, Mhariri, ambaye naye alikuwa na miaka 19 tu, kwa neno moja la herufi nne akafanywa muuaji mbele ya mtaa mzima, akalazimika kuhamia kwa shangazi yake ng'ambo ya ghuba, Sengerema. Sikuona gazeti lolote lililorudi kumuuliza hali yake.

Wanaoshughulika na jambo hili duniani kote wanakubaliana kwamba kujiua hakuna sababu moja. Huwa kuna mrundikano: maradhi kama sonona ambayo hayakutambuliwa, msiba, deni, ulevi, kupigwa au kudhalilishwa, upweke, na juu ya yote hayo tukio la mwisho ambalo kila mtu analiona kwa sababu ndilo lililo karibu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijiua, kwamba kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29, na kwamba karibu robo tatu ya vifo hivyo, asilimia 73, vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi za namna yetu. Shirika hilohilo linasema kwamba anayestahili kuangaliwa kuliko wote ni yule aliyekwisha kujaribu mara moja. Kijana wangu alikuwa miongoni mwao, na wakubwa karibu wote waliomzunguka hatukujua.

Mtanijibu kwamba gazeti haliui mtu, linaripoti tu. Nawaomba mtazame yaliyotokea katika mji wa Vienna, nchini Austria. Treni zao za chini ya ardhi zilianza kazi mwaka 1978, na katikati ya miaka ya 1980 idadi ya watu waliojiua humo ikapanda ghafla, wakati ambapo magazeti yalikuwa yakiziandika habari hizo kwa mapambo, kwa picha na kwa maelezo ya kila hatua. Wataalamu wakakaa na wahariri, wakaandika mwongozo, na katikati ya mwaka 1987 magazeti yakabadili namna ya kuandika. Vifo na majaribio katika treni hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 katika nusu ya pili ya mwaka huo vikilinganishwa na nusu ya kwanza. Wanataaluma wa nchi hiyohiyo walichapisha mwaka 2010 utafiti uliochambua mamia ya habari za magazeti, wakaona kwamba habari zinazorudia kifo kilekile huambatana na ongezeko la vifo, na habari za mtu aliyewahi kufikiria kujiua, akapita katika kipindi hicho kigumu bila kufanya hivyo, huambatana na kupungua. Ndiyo maana sielezi kijana wangu alifanya nini, mahali gani, kwa kutumia kitu gani. Msomaji aliye salama hana analopoteza kwa kutojua, na msomaji asiye salama yupo, nanyi hamjui ni yupi.

Lakini sitaki kuwatupia waandishi mzigo wote. Nimewahi kumwona mwandishi kijana akifika msibani na kijidaftari chake, akatafuta wa kumweleza. Baba mdogo hasemi. Mama hawezi. Mwenyekiti wa mtaa anasema subirini polisi. Wenzake wa kijiweni wanaogopa. Anabaki jirani mmoja aliyesimama pembeni ambaye hana la kuficha kwa sababu hana analolijua, naye ndiye anayesema, "Nasikia ni mambo ya mapenzi." Kesho yake jirani huyo ndiye aliyeandika gazeti. Neno "kisa" huzaliwa mahali ambapo wote wanaojua wamefunga midomo, kwa hiyo nikilalamikia neno bila kutaja kinachoifunga midomo hiyo nitakuwa sijasema kitu.

Kinachoifunga kwanza ni hofu ya uchuro, yaani ya kuita balaa kwa kulitaja. Mzazi anayeona mwanawe hali chakula na hazungumzi hathubutu kumuuliza kama anafikiria kujiua, kwa kuwa atakuwa amemchulia. Nimesikia hili kwa wazazi wasiopungua mia, wasomi na wasiosoma, Waislamu na Wakristo. Nami zamani nililiamini. Ni kinyume kabisa: wataalamu wamelichunguza mara nyingi, na kumuuliza mtu wazi, kwa upole, kama amewahi kuwaza kujiua hakumwingizii wazo hilo. Kama halikuwepo atashangaa na kukataa, na kama lilikuwepo mara nyingi hupumua, kwa sababu kwa mara ya kwanza hayuko nalo peke yake. Katika ofisi yangu ya ushauri nasaha, ambayo kwa kweli ilikuwa stoo ya ramani yenye viti viwili, niliwahi kuuliza swali hilo kwa sauti iliyotetemeka na binti aliyekaa mbele yangu akalia kwa muda mrefu kabla ya kusema, "Madam, nilikuwa nasubiri mtu aniulize." Leo ana watoto wawili na hupita kunisalimu.

Na hapo kwenye kusalimu pana jambo jingine ambalo mimi mwalimu wa Kiswahili nilichelewa sana kuling'amua. Kijana akikutana nami njiani husema, "Shikamoo madam." Mimi hujibu, "Marahaba, hujambo?" Naye husema, "Sijambo." Sijambo, yaani sina jambo. Kabla hatujamaliza kuamkiana nimekwisha kumtaka mtoto atamke kwamba hana lolote, naye kwa adabu ametamka. Hata msibani, mgeni akiuliza habari za hapa huambiwa, "Nzuri, ila tumefiwa." Lugha yetu haikatazi kusema baya, bali imelipangia mahali pake, baada ya "ila" au "lakini", na yule asiyesubiri mpaka hapo huondoka na "nzuri" mkononi akidhani amepata habari. Wazee wa Kisukuma, wanaoamkiana kwa kituo mpaka ukoo wa mtu ujulikane, waliijua kazi hiyo. Sisi wa mjini tunaulizana hali tukiwa tumekwisha kupishana migongo.

Kijana wangu alinipa "ila" yake. Ilikuwa miezi miwili kabla. Alinibeba kutoka stendi mpaka nyumbani, akakataa nauli, akasema madam wangu halipi. Nikamuuliza habari za kazi. Akasema, "Nzuri madam, ila usingizi tu ndiyo hauji." Nikacheka nikamwambia aache kushinda na simu usiku, na ajikaze, ujana ndio huu. Akasema sawa, akawasha pikipiki. Mwalimu wa ushauri nasaha wa miaka 14, mwenye cheti cha mafunzo, niliambiwa na nikajibu kama mtu wa barabarani. Nimeliandika hili kwa sababu naona si haki kuwahukumu wahariri kwa neno moja na kuyaficha yangu.

Siku hizi vijana wana msemo wao, "pambana na hali yako", nao huutamka kwa mzaha. Wa kiume hasa hukua wakisikia jikaze, na anayesema amechoka na maisha huchekwa kijiweni kwamba ameanza kudeka. Ningependa wenzake, ambao ndio wanaokaa naye kutwa nzima kivulini wakisubiri abiria, wajue kwamba maneno kama "nimekuwa mzigo kwenu", "nikiondoka mtapumzika" au "mtanikumbuka" si ya kupitisha kwa mzaha, wala si jambo la kawaida kijana kuanza kugawa vitu anavyovipenda. Kijana wangu alimpa mdogo wake redio yake ndogo, ambayo siku zote hakumruhusu hata kuigusa. Mdogo wake alifurahi sana. Hilo ndilo linalomsumbua mpaka leo, kwamba alifurahi.

Kuhusu wenzake nina ushahidi ambao kwangu kama mwalimu haukuwa mtamu kuusoma. Katika nchi kumi za Ulaya walifanya jaribio lililohusisha wanafunzi 11,110 wenye umri wa miaka 15 hivi, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kundi moja la shule lilifundisha walimu kutambua wanafunzi walio hatarini. Kundi jingine liliwapa wanafunzi wenyewe vipindi vichache vya kuigiza na kujadili mambo ya akili, huzuni na namna ya kumsaidia mwenzako. Baada ya mwaka mmoja, ni katika shule za wanafunzi hao ambapo majaribio ya kujiua yalionekana kupungua kwa takriban nusu, na mafunzo ya walimu hayakuonyesha tofauti ya maana. Sisemi walimu wa malezi waondolewe. Nasema kwamba shule yenye wanafunzi zaidi ya elfu moja na mwalimu mmoja wa ushauri, mwenye vipindi 24 vya kufundisha kwa wiki, isijidanganye kwamba imemaliza wajibu wake kwa kubandika karatasi mlangoni.

Jambo la pili linalofunga midomo ni sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 217, kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Hatuwaoni wengi wakifungwa kwa kosa hilo, na kwa hiyo wapo wanaosema kifungu hicho hakina madhara. Madhara yake yako mapokezi ya hospitali. Ndugu waliomleta kijana wao usiku wanajua kwamba wakisema ukweli wataulizwa karatasi ya polisi, basi wanasema ameanguka, au amekula kitu kibaya, na daktari anamtibu mtu aliyeanguka, anamruhusu asubuhi, bila mtu yeyote kuzungumza naye juu ya kilichompeleka pale. Ndivyo ilivyokuwa kwa kijana wangu ile mara ya kwanza. Sheria hiyo tuliirithi kwa Mwingereza, ambaye mwenyewe aliifuta kwake Agosti 1961, miezi minne kabla ya Tanganyika kupata Uhuru, na sisi tunaitunza mpaka leo. Ghana waliifuta ya kwao mwaka 2023. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu chao kinachofanana na chetu kinakinzana na Katiba. Wabunge wetu wa kanda ya ziwa ni hodari wa kusemea pamba na sangara, na ningefurahi kumsikia mmoja akiuliza swali kuhusu kifungu cha 217.

Midomo mingine hufungwa makaburini. Nimehudhuria maziko ya kijana ambayo hayakuwa na wimbo wala neno la kiongozi wa dini, na watu walirudi nyumbani haraka kana kwamba wameiba. Mafundisho ya Kanisa Katoliki yaliyotolewa mwaka 1992 yanasema wazi kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojiua na kwamba Kanisa linawaombea, na wanazuoni wengi wa Kiislamu wanasema Mwislamu aliyejiua huswaliwa. Padre, mchungaji au sheikh akilisema hilo mbele ya jeneza, mama aliyebaki ataweza kutaja jina la mwanawe sokoni.

Yapo mambo mawili ya vitendo ambayo sitayarefusha. Katika Magu, Kwimba na Misungwi, na popote palimwapo pamba, dawa za shambani hukaa ndani ya nyumba wanamolala watoto. Zifungiwe kwa kufuli nje ya nyumba, au vyama vya ushirika viwe na stoo ya kuzitunzia. Sri Lanka ilipozipiga marufuku dawa zilizo kali zaidi, kiwango cha kujiua nchini humo kilishuka kwa takriban asilimia 70 tangu katikati ya miaka ya 1990, na kilimo hakikuanguka. Maana yake ni kwamba kwa wengi saa ile mbaya hupita, ikiwa mkono haukupata cha kushika. La pili ni kumfuata aliyeokolewa. Utafiti uliofanyika katika nchi tano, zikiwemo India, Sri Lanka na Brazil, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwahusisha watu 1,867 waliofikishwa hospitalini baada ya kujaribu kujiua. Nusu walipata matibabu ya kawaida. Nusu waliongezewa mazungumzo ya saa moja kabla ya kuruhusiwa, kisha wakatembelewa au kupigiwa simu mara tisa katika miezi 18. Kati ya waliofuatiliwa, asilimia 0.2 walikufa kwa kujiua. Kati ya wengine, asilimia 2.2. Simu tisa, Mhariri. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita mtaani kwetu kuulizia chanjo na vyandarua anaweza kuulizia na hilo, akifundishwa na akilipwa.

Sasa narudi kwenu. Baraza la Habari Tanzania lina maadili yake ya taaluma, na miongozo ya kimataifa ya kuandika habari hizi ipo na ni mifupi, kwa hiyo siombi mgeni atuletee mapya. Naomba chumba chenu cha habari kikubaliane kwamba habari ya kijana aliyejiua haiwekwi ukurasa wa mbele, haitaji njia wala mahali, haichapishi barua aliyoiacha, na haina neno "kisa" wala lolote la ukoo wake, kama "chanzo chabainika" au "sababu yatajwa". Januari, matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, mkumbuke kwamba Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza shule na wanafunzi kumi bora. Ninyi nanyi acheni kuwatafuta walioshika mkia. Na mwaka mzima, si tarehe 10 Septemba pekee, ile siku ya kimataifa ya kuzuia kujiua inayoadhimishwa tangu 2003, tuandikieni habari za waliobaki hai. Wapo. Binti yangu wa stoo ya ramani angekubali kuzungumza nanyi, mradi msimpige picha.

Chini ya kila habari ya namna hiyo pawe na mistari miwili inayosema pa kwenda. Kwa mtoto, namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bila malipo. Kwa kijana mkubwa hapa Mwanza, kliniki ya afya ya akili ya Bugando, au hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, au afisa ustawi wa jamii katika halmashauri anakoishi. Na kama hali ni mbaya usiku huo, asiachwe peke yake, mtu mmoja akae naye mpaka wafike hospitali iliyo karibu. Mistari hiyo miwili haichukui nafasi kubwa kuliko tangazo la kubeti.

Nilimsomea mama yake barua hii kabla ya kuituma, tukiwa tumekaa kwenye magunia yake Mwaloni, naye alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua dagaa. Aliniomba niongeze jambo moja. Picha ya mwanawe, ile ambayo mtu aliichukua kwenye simu na kuipeleka gazetini, bado ipo mtandaoni, na mdogo wake akiandika jina la kaka yake huiona pamoja na kile kichwa cha habari. Gazeti hilo si lenu, lakini ninyi wahariri mnafahamiana. Anaomba mwenzenu aiondoe. Nilimuuliza kama angependa waweke nyingine badala yake, ile aliyovaa jezi ya timu ya mtaa, akasema hapana, hiyo ni ya nyumbani.

Mwalimu mstaafu,
Ilemela, Mwanza